Aliyeanguka Bila Kuchagua Mahali

Kuna familia zinazorithishana mashamba, na nyingine hurithishana pua. Familia ya Msumari ilirithishana kuzimia. Bibi yake mzaa mama alizimia siku mumewe alipotangaza kwamba anauza nyumba, na nyumba haikuuzwa. Alizimia tena mume aliponunua pikipiki, na pikipiki ikarudishwa dukani ikiwa bado na nailoni kwenye kiti. Mama yake Msumari alipokea kazi hiyo kwa mikono miwili na kuifikisha mbali zaidi.

Mama alizimia kwa utaratibu. Kwanza mkono ulipanda kwenye paji la uso. Kisha alisema kwa sauti ya mtu aliye chini ya kisima, "Jamani, naona giza." Halafu jicho moja lilizunguka chumba haraka, likatafuta mto, zulia au bega la mtu mnene, na baada ya hapo ndipo aliposhuka, taratibu, kama shuka inayoteleza kutoka kwenye kamba. Mama Mdogo, dada yake, alikuwa na magoti mabovu, kwa hiyo yeye alizimia akiwa amekaa, kichwa kikiegemea nyuma ya kiti. Mama hakuuheshimu mtindo huo hata kidogo.

"Huyo hazimii," alisema. "Huyo anasinzia kwa hasira."

Katika nyumba hiyo ndimo alimokulia mtoto mmoja asiyeanguka. Alipigwa na homa akasimama, akafiwa na baba akasimama, akaachwa na mchumba wa kwanza akaenda kupika. Wajomba wakamwita Msumari. Tangu akiwa mdogo kazi yake ilikuwa moja: mama akizimia, Msumari alileta kikombe cha maji, akasimama juu yake na kusema, "Mama, namwaga." Mama alirudiwa na fahamu kabla tone la kwanza halijamfikia. Hakuna daktari aliyewahi kuponya mgonjwa upesi namna hiyo.

Alipokua akawa fundi wa mapazia. Chumba cha mbele cha nyumba yake, kinachotazama barabara, ndicho kilichokuwa karakana: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kopo lililojaa pete za shaba, na majora ya vitambaa yamesimamishwa ukutani kama watu kwenye foleni ya benki. Wateja walimpenda kwa sababu mapazia yake yalinyooka. Walimwogopa pia kidogo, kwa sababu alikuwa hachekicheki ovyo, na ukimwambia hujisikii vizuri alikuangalia kwanza kama anayekagua kitambaa chenye dosari.

Shida ilianzia kwenye ngazi. Alianza kuhema akipanda ghorofa ya pili, akailaumu ghorofa. Halafu nguo zikamlegea, akazilaumu nguo. Kisha siku moja alikuwa nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, amepiga magoti nyuma ya pazia zito la sebuleni, anabana pindo kwa pini. Alipoinuka, dunia ikazimwa kama taa.

Alipozinduka alikuwa sakafuni, pini mbili bado mdomoni, na upande wa pili wa pazia mwalimu alikuwa anaendelea kuzungumza.

"Kwa hiyo tuseme tumekubaliana, rangi ya maziwa," mwalimu alikuwa anasema. "Nafurahi hukunibishia. Nilisikia wewe ni mbishi."

Msumari alitema pini, akasema, "Rangi ya maziwa ni nzuri," ingawa aliichukia, na akashona mapazia kumi ya rangi hiyo bila kunung'unika. Angesema nini? Kwamba alikubali akiwa hana fahamu? Mtu aliyetumia utoto wake wote na kikombe cha maji juu ya vichwa vya wazimiaji hawezi kuamka siku moja na kusema, jamani, hata mimi. Angekufa kwanza. Na kwa kweli, ingawa hakujua, huko ndiko alikokuwa anaelekea.

Alijikaza kisabuni. Aligundua kwamba hatari iko kwenye kuinuka, hivyo akaanza kuinuka kwa mafungu: goti, mkono kwenye meza, pumziko, kisha kimo chote. Aligundua pia kwamba akilala chini anapata nafuu upesi, basi akaweka godoro dogo nyuma ya majora, na mteja akimkuta pale alisema anakagua kitambaa kwa chini. Mumewe, fundi redio, mtu mpole asiyekuwa na haraka ya kusema, alimwangalia wiki nzima kabla ya kufungua kinywa.

"Unaamka kama mzee wa miaka tisini."

"Nimechoka tu."

"Midomo yako ina rangi ya betri iliyovuja."

"Kaangalie redio zako."

Akaenda kuangalia redio zake, lakini roho haikutulia.

Jumapili moja Mama na Mama Mdogo walikuja kunywa chai, na Mama akatoa hoja. Alitaka kuhamia pale. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba alitaka chumba cha mbele.

"Kina upepo," alisema.

"Mama, kile ndicho ninachofanyia kazi."

"Kazi inaweza kwenda nyuma. Upepo hauwezi kwenda nyuma."

"Mama, chumba cha nyuma hakina mwanga. Nitashonaje?"

"Ndiyo yale yale," Mama aliiambia dari. "Nimezaa, nimelea, leo nawekwa nyuma kama gunia la mkaa." Na mkono ukaanza kupanda kuelekea kwenye paji la uso.

Kila mtu akachukua nafasi yake bila kuambiwa. Mume alisogeza birika. Mama Mdogo alikunja miguu ili asikanyagwe. Msumari aliinama kwenye meza fupi, akabeba sinia la vikombe, akainuka ili akalete maji.

Hakufika hata mlangoni. Alianguka mzimamzima, sinia chini ya kifua chake, uso ndani ya bakuli la sukari.

Mama alibaki na mkono hewani.

"Huyu mtoto kaniwahi!" alisema. Akatazama kushoto na kulia kutafuta shahidi. "Mmeona? Nilikuwa nimeshaanza!" Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki katika mambo ya fani yake, akaongeza, "Lakini amejitahidi. Mara ya kwanza, na hakutafuta hata mto. Mimi mara ya kwanza niliangukia kochi."

Mama Mdogo alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, hacheki.

"Dada. Chai ni ya moto."

"Chai gani?"

"Imemmwagikia mkono mzima. Na hajatingisha hata kidole."

Katika familia ile, tangu enzi za bibi, hakuna mzimiaji aliyewahi kupuuza chai ya moto. Mkono wa Mama ulishuka wenyewe. Akapiga magoti kwenye sukari na vigae vya vikombe, bila kuangalia anapiga magoti wapi, akaita "Mwanangu!" kwa sauti ambayo wakwe, majirani na wadai hawakuwahi kuisikia.

Msumari alizinduka akiwa kwenye gari la jirani, sukari kwenye kope. "Nimeteleza," alisema.

"Nyamaza," mumewe akasema. Katika ndoa yao yote, lilikuwa neno kali kuliko yote aliyowahi kumwambia.

Hospitali ilikuwa kubwa, na daktari wa moyo alikuwa mwanamke mfupi aliyezungumza polepole kama anayemwelekeza mgeni njia. Alimsikiliza Msumari kifua akiwa amekaa, akamlaza, akamgeuza ubavu wa kushoto, akamkalisha tena. Akakunja uso.

"Mwanzoni nilidhani ni vali," alisema. "Mlango mmoja wa moyo, umekuwa mwembamba. Tunaona sana hiyo. Lakini mlango mbovu ni mbovu ukikaa na ni mbovu ukilala. Huyu kila akigeuka, sauti inabadilika. Na kuna kishindo kidogo, kama kitu kinadondoka ndani. Twendeni kwenye mashine."

Chumba cha mashine kilikuwa na giza na ubaridi. Familia nzima iliingia kwa kuwa hakuna aliyeweza kuizuia. Mtaalamu wa kipimo, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alimpaka Msumari jeli kifuani, akaweka kifaa cha mkononi kati ya mbavu, na picha ya moyo ikatokea kwenye kioo, nyeusi na kijivu, vyumba vyake vinne vikifunga na kufungua. Alikuwa anapiga soga kuhusu mpira. Katikati ya sentensi akanyamaza.

Ndani ya chumba cha juu cha kushoto kulikuwa na donge. Lilikuwa limening'inia kwenye ukuta, na kila moyo ulipopiga lilibembea, likashuka mpaka mlangoni, likachungulia chumba cha chini, likarudi.

"Ni mtoto?" Mama aliuliza.

"Mama," fundi redio alisema kwa upole, "hapo ni kifuani."

Walimkalisha Msumari kwenye kiti cha magurudumu, na daktari akawaeleza palepale, kioo kikiwa bado kinawaka. Ulikuwa uvimbe laini wenye kikonyo, umejishika kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu. Ni nadra; yeye mwenyewe, kwa miaka yote ya kazi, alikuwa ameona wachache. Mtu akiinuka, donge linashuka na kuziba mlango, damu haipiti, ubongo unakosa chakula, mtu anaanguka. Akilala, donge linajivuta, mlango unafunguka.

"Kwa sura yake na mahali lilipo, sidhani ni saratani," alisema. "Tutalipima likishatoka, lakini hiyo ni habari njema."

"Basi kama si saratani tuliache," Msumari akasema. "Nina mapazia ya hoteli nzima."

"Halina nia mbaya, ila limekaa mahali pabaya," daktari akasema. " Siku moja litaziba lisirudi. Au kipande kitakatika kiende kwenye ubongo, upate kiharusi. Hakuna kidonge cha kuliyeyusha. Dawa ni kulitoa, na si mwezi ujao, ni wiki hii."

"Mkilitoa?"

"Walio wengi wanapona kabisa. Mara chache linarudi, ndiyo maana tutakuwa tunakupiga picha kila mwaka." Daktari alivuta kiti karibu. "Sasa nijibu kitu kimoja, na ni muhimu. Kwa wengi uvimbe huu hutokea tu. Lakini kuna familia chache ambamo hurithiwa. Kwao huanza mapema, huwa zaidi ya mmoja, na hurudi. Kwenu kuna mtu mwingine anayezimia?"

Fundi redio alitazama dari. Mama Mdogo aligundua kwamba kuna kitu cha haraka anachotafuta ndani ya mkoba wake.

"Wote, daktari," Msumari akasema.

"Wote?"

"Mama. Mama Mdogo. Bibi yangu, marehemu."

"Marehemu!" Daktari alishika kalamu. "Alikufa ghafla?"

"Alikufa usingizini, mzee sana, akiwa ameshinda kesi zote."

Daktari hakuelewa, lakini aliandika. "Una watoto?"

"Binti mmoja. Yuko shule ya bweni."

"Naye?"

Msumari alifungua mdomo kusema hapana, na hapo ndipo alipokumbuka. Likizo iliyopita. Binti aliambiwa atakaa nyumbani wakati wenzake wanakwenda matembezi, na akazimia kando ya jiko. Msumari alikuwa amecheka. Alisema, damu ya bibi hiyo, na akaenda kuleta kikombe. Sasa alijaribu kukumbuka: mtoto aliangalia pa kuangukia au hakuangalia? Hakuweza kukumbuka. Hakuwa amemtazama, alikuwa amegeuka kufuata maji. Uvimbe wake mwenyewe alikuwa ameupokea kama bili ya umeme. Hili lilikuwa bei nyingine kabisa.

"Mama," alisema, akageuza kiti cha magurudumu kwa mikono yake. "Yule mtoto. Likizo ile. Ulimfundisha wewe, au alianguka kweli?"

Macho ya daktari yalikuwa kwa Mama, na ya kijana wa mashine, na ya mkwe wake. Kujibu ilikuwa ni kubomoa nyumba ya maisha yake yote, tofali kwa tofali, mbele ya watu wenye makoti meupe. Angeanza wapi? Mkono ukapanda.

"Jamani," alisema, "naona giza."

Jicho likazunguka, likakiona kitanda cha kupimia, kitupu, chenye shuka safi. Akashuka juu yake bila kukunja hata pembe ya shuka.

Daktari aliruka. Yeye hakuwa wa ukoo ule. "Mapigo! Shikeni miguu! Leta kifaa!" Na kabla mtu hajapata nafasi ya kueleza, jeli ya baridi ilikuwa kifuani kwa Mama, na moyo wake ukatokea kwenye kioo, mkubwa, mtulivu, unapiga kama askari wa gwaride. Hakukuwa na donge. Milango yote ilifunguka na kufunga kama ya ofisi ya mtu nadhifu. Daktari aliangalia kioo, akamwangalia mgonjwa, akaangalia tena kioo.

"Mama," alisema polepole, "kwa mtu aliyezimia, moyo wako unafanya kazi vizuri sana."

"Angalia tena," Mama akasema, macho yamefumbwa.

Kijana wa mashine alipata kikohozi cha ghafla akatoka nje.

Msumari alisogeza kiti mpaka kando ya kitanda. Safari hii hakuleta maji. Alishika mkono wa mama yake, ule wa paji la uso.

"Mama, sikuchokozi. Nataka kujua tu kama mwanangu anaumwa."

Mama alifumbua jicho moja, kisha la pili. Kwa muda alionekana mdogo pale juu ya shuka.

"Nilimfundisha mimi," alisema. "Kwenye godoro, nyuma ya nyumba. Siku tatu. Ana kipaji yule mtoto, anakuzidi mbali." Akageukia daktari, kwa sababu alikuwa ameshaanza, na hakuna lililobaki la kulinda. "Sijawahi kuzimia maishani mwangu, binti yangu. Wala mama yangu. Ukiwa umesimama unasema, hakuna anayekusikia. Ukianguka, wote wanakuja. Siku aliyokufa baba yake huyu nilitaka kuanguka kwelikweli. Ilikataa. Nilibaki nimesimama kama mlingoti."

"Mimi mara moja," Mama Mdogo akasema kutoka kwenye mkoba wake. "Kwa njaa."

Daktari aligeukia ukuta, akakaa hivyo kidogo, mabega yakitikisika. Alipogeuka uso wake ulikuwa wa kazi tena. Alifuta alichoandika kwa mistari miwili mizito.

"Binti bado tutampiga picha, mara moja, kwa uhakika," alisema. "Bibi, asante. Umenisaidia kuliko unavyojua."

"Naweza kuendelea kulala kidogo?" Mama aliuliza. "Nimechoka."

Binti aliletwa kutoka shuleni, akapimwa, akakutwa na moyo safi kama wa bibi yake. Baada ya hapo Msumari hakutaka maneno mengi. "Litoeni," alisema. Hoteli ikaambiwa isubiri au itafute fundi mwingine, na hoteli ikasubiri.

Walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakampasua kifua, wakauacha moyo upumzike huku mashine ikizungusha damu badala yake. Fundi redio alielezwa jambo hilo na akalielewa upesi kuliko wenzake, na ndiyo maana aliogopa kuliko wenzake: anajua mashine. Kwenye benchi la korido walikaa watatu. Mama alikaa wima, mikono magotini, tangu asubuhi. Muuguzi alimletea mto akaukataa.

Mpasuaji alipotoka, alama ya barakoa bado imechoreka mashavuni, aliwaambia donge limetoka zima, na kikonyo chake, na kijipande cha ukuta lilikojishikia, na tundu limezibwa. Lilikuwa kubwa kama yai la bata, laini kama jeli.

Mama aliinuka kutoka kwenye benchi.

"Dada, anguka tu," Mama Mdogo alimnong'oneza. "Leo ni ruhusa."

"Sina nguvu," Mama akasema, na akalia, akiwa amesimama.

Majibu ya maabara yalikuja yakisema daktari alikuwa sahihi. Kabla hayajaja, muuguzi alifika wodini asubuhi moja akasema leo mgonjwa anasimama. Habari hiyo iligawanya familia.

"Mimi nakaa mbele," alisema fundi redio. "Akija, namdaka."

"Wewe mwembamba, mtaanguka wote wawili," Mama akasema. "Mimi najua mtu anavyoanguka. Nakaa kulia."

"Unajua wanavyoanguka waongo, Dada. Huyu ni wa kweli, anaenda kama mti. Nyuma kunataka mtu mzito." Mama Mdogo alikuwa ameshika mito miwili.

"Mito! Mnamtandikia kabla hajaanguka, mnamwitia balaa!"

"Sasa tumdake kwa nini, kwa maneno yako?"

Msumari alikuwa ameshashusha miguu. Kifua kilimuuma kama kimeshonwa na fundi mwanagenzi. Aliwaangalia wote watatu wakigombana kuhusu mahali pa kusimama, akamshika muuguzi mkono, akainuka kwa mafungu kama alivyozoea. Goti. Mkono. Pumziko. Kimo chote. Akafumba macho kusubiri giza.

Halikuja.

Alisubiri kidogo zaidi, kwa adabu. Kisha akafumbua macho, akashika stendi ya dripu, akapiga hatua, na nyingine, mpaka mlangoni. Nyuma yake Mama alikuwa anawaonyesha wenzake, kwa mikono, pembe sahihi ya kumdaka mtu kwapani.

"Tuwaite?" muuguzi aliuliza.

"Waache wamalize," Msumari akasema. "Korido hii inaishia wapi?"